Mita haijasomwa

Bibi alinipa simu yake kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi barua ya mahakama. Ilikuwa simu ya kitochi, kioo kimepasuka kwenye kona, mfuniko wa nyuma umeshikiliwa na mpira. Ujumbe ulikuwa bado uko juu kabisa:

"Ndugu mteja, bili yako ya maji ya mwezi Mei ni Sh 2,779,500. Tafadhali lipa kabla ya tarehe 5 kuepuka kusitishiwa huduma."

Maneno hayo niliyaandika mimi. Namba ile ilipigwa na programu niliyoiandika mimi.

"Mwanangu," akasema, "maji haya nimeyanywa na nani?"

Anaishi na mjukuu mmoja wa darasa la tatu. Ana bomba moja uani, migomba, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Usiku ule ujumbe ulipoingia hakulala. Alimpigia mwanawe aliyeko Dar es Salaam, wakaanza kuhesabu: ng'ombe akiuzwa atatoa kiasi gani, na kilichobaki kitatoka wapi. Kijana anayesoma mita alipopita asubuhi alimkuta amekaa barazani, kamba ya ng'ombe mkononi. Ndiye aliyempigia mhazini, na mhazini akanipigia mimi.

Nilimwomba radhi. Nikamwambia bili yake halisi ni shilingi 21,000, ya miezi miwili, na asiuze kitu chochote. Akasema, "Haya, mwanangu." Lakini aliniangalia kwa muda mrefu, akipima kama neno langu lina uzito kuliko la ile simu.

Macho yale nimekaa nayo wiki sita sasa.

## Geti lilikuwa limefungwa

Programu ni ya jumuiya ya maji ya kijiji kimoja mkoani Kilimanjaro. Kila tarehe 20 kijana wa mita anapita nyumba kwa nyumba na simu yake, anaandika namba anayoiona, na seva inapiga bili. Machi mita ya Bibi ilisoma 1,839. Aprili kijana alikuta geti limefungwa, Bibi yuko msibani. Akabonyeza "Ruka" akaenda nyumba inayofuata. Mei mita ikasoma 1,853.

Mahali pa Aprili, programu yangu iliandika 0.

Kwa hiyo Mei ikafanya kazi yake kwa uaminifu wote: 1,853 ondoa 0. Uniti 1,853, kila moja shilingi 1,500.

Utauliza, na bili ya Aprili yenyewe? Sifuri ondoa 1,839 ni namba hasi, na nilikuwa nimeshaweka kinga: matumizi yakitoka hasi, yahesabiwe kuwa sifuri. Kinga hiyo ndiyo iliyofunika dalili ya kwanza. Bibi alipata bili ya shilingi 0 mwezi Aprili, na sijawahi kumwona mtu anayelalamikia bili ya namna hiyo.

Mistari yenyewe ni hii, kwa lugha ya Kotlin (kompaila ni programu inayokagua na kutafsiri msimbo):

```kotlin
val usomaji: Int? = fomu.usomaji

hifadhi(mita, usomaji)        // kompaila inakataa
hifadhi(mita, usomaji ?: 0)   // kompaila inakubali
```

Nakumbuka usiku nilipouandika ule wa mwisho. Kesho yake nilikuwa na maonyesho mbele ya kamati ya maji. Kotlin ilinipigia mstari mwekundu: hapa panatakiwa `Int`, wewe umeleta `Int?`, namba ambayo huenda ipo na huenda haipo. Nikaongeza `?: 0`, yaani ikikosekana weka sifuri. Wekundu ukaondoka. Nikafunga kompyuta.

Kompaila ilikuwa imeniuliza swali: usomaji usipokuwepo, tufanye nini?

Nami nikalijibu bila kulisikiliza.

## Rahisi mno kuiweka

Hadithi ya Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, wengi mnaijua, nitaipita haraka. Mwaka 1965, akisanifu lugha ya ALGOL W, aliingiza rejeo tupu, `null`, alama ya thamani isiyokuwepo. Mwaka 2009 alisimama kwenye mkutano London akaliita kosa lake la dola bilioni moja. Watu wengi hukumbuka hizo dola. Mimi siku hizi nakumbuka sababu aliyoitoa: aliiweka kwa kuwa ilikuwa rahisi mno kuiweka.

Ndiyo sababu yangu pia, neno kwa neno.

Lugha zilizokuja baadaye zilichukua kosa hilo kwa uzito. Swift ya mwaka 2014, Rust 1.0 ya 2015, Kotlin 1.0 ya 2016, Dart ilipofika 2.12 mwaka 2021: zote zinakulazimisha kutaja waziwazi mahali ambapo thamani inaweza kukosekana, na zinakukatalia kuitumia kabla hujaangalia kama ipo. Nimelifundisha hili kwa miaka. Kila Jumamosi nakaa na vijana wanaojifunza kutengeneza programu za simu, na somo la alama ya kuuliza ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nawaambia: hapa lugha imesimama upande wako.

Baada ya siku ile kwa Bibi, Jumamosi mbili mfululizo sikuweza kulifundisha.

## Ile ya zamani ingeanguka

Wazo lililonisumbua ni hili. Toleo la kwanza la programu hii niliandika kwa lugha ya Java. Pale, `Integer` iliyo tupu ukiipeleka mahali panapotaka `int`, programu inaanguka papo hapo na `NullPointerException`. Kijana angekuwa amesimama nje ya geti, simu ingemfungia, angenipigia akiwa amekasirika. Ningeona aibu, ningerekebisha. Na Bibi asingepata ujumbe wowote.

Lugha yenye hatari ingemlinda. Lugha salama ilimfikishia bili ya milioni mbili na laki saba.

Niliibeba hoja hiyo wiki mbili, nikiigeuza kila upande, kwa sababu kama ni kweli basi nimekuwa nikiwafundisha vijana kitu kisicho kweli. Labda usalama wenyewe si chochote ila kubadilishana kosa linalopiga kelele na kosa linalonyamaza?

Mwisho nilikataa, lakini si kwa urahisi. Lugha ilitimiza wajibu wake. Ilinisimamisha mahali penyewe, miezi kabla ya geti lile kufungwa, nikiwa nimekaa mezani, na ikanitaka niamue. Ya zamani isingenisimamisha. Ingeacha mpaka kijana afike getini. Kosa langu lilikuwa kuichukulia ile rangi nyekundu kama uchafu wa kufuta.

Na hapa kuna jambo nililokuwa nikilifundisha nusu. Vijana wangu wanaogopa `!!` kama nyoka, na wanafanya vizuri: alama zile mbili zinamwambia kompaila "niamini, ipo", na usipokuwa mkweli programu inaanguka. Lakini `!!` ikikosea utaisikia. `?: 0` ikikosea husikii kitu. Ndugu zake ni `?: ""`, na `orEmpty()`, na kwa wenzetu wa Rust `unwrap_or_default()`. Sikuwahi kumwonya mtu juu ya hizo. Kila nilipoziona kwenye kazi ya mwanafunzi nilisema safi, umeshughulikia.

Siziiti mbaya. Jumla ya malipo ya mtu ambaye hajalipa chochote ni sifuri kweli, na `?: 0` pale inasema kweli. Usomaji wa mita ambayo hakuna aliyeiona si sifuri. Alama ni zilezile, kompaila inazikubali zote mbili, na hakuna lugha ya kompyuta inayoweza kukuambia ipi ni ipi. Anayejua ni mtu aliyewahi kusimama mbele ya mita.

## Kaunta buku

Aliyewahi kusimama ni mzee mmoja aliyesoma mita za kijiji kile kabla simu hazijaja. Nilimfuata nyumbani. Nilitaka tu kuhakiki namba za zamani. Akatoa kaunta buku la kurasa 192, jalada limefungwa kwa gazeti, kila mwezi una safu yake, kila nyumba mstari wake.

Pale palipokosekana namba, hapakuwa na sifuri. Hapakuwa na nafasi tupu pia. Palikuwa na maneno, kwa kalamu ya bluu, herufi za mtu aliyefundishwa mwandiko kwa fimbo:

"Haijasomwa, geti."

"Haisomeki, ukungu kiooni."

"Hakuna mita, imeondolewa."

"Haikusomwa, mvua, daraja lilikatika."

Nilikaa na daftari lile magotini mpaka chai ikapoa. Mzee akadhani nashindwa kusoma mwandiko wake. "Hiyo ni 'haisomeki', mwanangu," akanisaidia. "Mita ipo, nimefika, nimeiona, ila haisomeki."

Mita ipo. Nimefika. Nimeiona. Ila haisomeki.

Vyote hivyo vimo katika neno moja, na mimi nilikuwa na `null` moja kwa yote, kisha hata hiyo nikaigeuza sifuri.

Tunaongea hivi kila siku bila kufikiri. Muulize kijana kama ameoa, hatakujibu "hapana", atasema "bado". Nenda dukani uulizie sukari. "Imeisha", "haijaja" na "hatuuzi" ni majibu matatu ya sukari isiyokuwepo, na kila moja linakutuma kwingine: duka la jirani, rudi jioni, usiulize tena hapa. *Haijasomwa* bado inasubiriwa. Ile *-ja-* imeacha mlango wazi. *Haikusomwa* mlango umefungwa, mwezi umepita. *Haisomeki* lawama iko kwenye mita, haiko kwa msomaji. Mtoto wa darasa la tatu anazitenganisha hizi bila kufundishwa.

Nilitoka kwa mzee nikiwa najua cha kuandika. Nusu yake alikuwa ameshaiandika yeye.

## Tarehe 1 Januari

Kitu kimoja pembeni, kwa sababu kilinijia njiani.

Siku ile kwa Bibi, alipokwenda ndani kunitolea risiti zake za maji, alirudi na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote, na kitambulisho kikaangukia mkekani. Amezaliwa 1 Januari 1948, kinasema. Nilipomuuliza alicheka. Alizaliwa msimu wa mvua kubwa. Mama yake alimwambia hivyo. Mwaka walikadiria. Siku na mwezi mwandishi alijaza mwenyewe, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pa kuandika "haijulikani".

Katika rika lake ninawajua wengine waliozaliwa wote siku hiyohiyo.

Fomu ikikataa kupokea "sijui", mtu mwema mwenye foleni ndefu ataandika kitu. Na kikishaandikwa hakitofautiani tena na ukweli.

## Matawi matano

Nikaandika hivi:

```kotlin
sealed interface Usomaji {
    data class Imesomwa(val uniti: Int) : Usomaji
    data object Haijasomwa : Usomaji
    data class Haisomeki(val sababu: String) : Usomaji
    data object HakunaMita : Usomaji
    data object Haijulikani : Usomaji
}
```

Neno `sealed` linamwambia kompaila kwamba familia imefungwa: hawa ndio watoto wote, hakuna mwingine nje ya ndoa. Faida yake inaonekana pale unapotumia `when`, inayochagua la kufanya kwa kila tawi. Ukisahau tawi moja, kompaila inagoma. Kwanza iligoma pale tu `when` ilipotakiwa kurudisha jibu. Tangu Kotlin 1.7 ya mwaka 2022 inagoma hata pale `when` inapotenda tu bila kurudisha kitu.

Nilipobadilisha `Int` kuwa `Usomaji`, sehemu 14 zilivunjika kwa mpigo. Bili, ujumbe kwa mteja, ripoti ya mwezi, grafu, orodha ya wadaiwa. Zamani ningesikia vibaya. Safari hii nilizipitia moja moja kama mtu anayesoma barua alizochelewa kufungua.

Ya bili ilikuwa ya kwanza. Nilikuwa nimeandika `yaSasa - iliyopita`. Haikubaliki tena, na haikubaliki kwa sababu nzuri: huwezi kutoa "bado" kwenye 1,853. Kwa hiyo iliyopita ikabidi iache kuwa "namba ya mwezi uliopita" na iwe "namba ya mwisho iliyoonekana kwa macho". Mita ya maji haijali miezi. Inazunguka tu. Kwa Bibi, namba ya mwisho iliyoonekana ni 1,839 ya Machi, na 1,853 ondoa hiyo ni uniti 14. Shilingi 21,000. Hesabu ambayo mjukuu wake anaiweza.

Ile kinga yangu ya namba hasi niliifuta. Matumizi yakitoka hasi sasa, programu inasimama na kumwita mtu: ama mita imebadilishwa, ama kuna aliyekosea kuandika. Zote mbili ni habari za kujua.

Lakini tawi la `Haisomeki` lilinishinda.

Mita ipo, maji yanatoka, ukungu umejaa kiooni. Mteja alipe nini? Nilikuwa na majibu matatu tayari kwenye vidole: asilipe, alipe wastani wa miezi mitatu, alipe kiwango maalumu. Kila moja ni mstari mmoja. Nilishaanza kuandika wastani nikasimama. Nani amenipa mamlaka ya kuamua hilo?

Nikalipeleka swali la kompaila kwenye kikao cha kamati.

Waliligombania kwa saa nzima. Mzee mmoja alisema wastani unamwonea mwenye mgeni aliyeondoka. Mama mhazini akasema kutolipa kabisa kutawafundisha watu kupaka matope vioo. Mwingine akauliza kwa nini mteja abebeshwe mzigo wa mita mbovu ambayo ni mali ya jumuiya. Mwishowe wakakubaliana: wastani wa miezi mitatu iliyosomwa, kwa mwezi mmoja tu, na katika mwezi huo jumuiya ibadilishe kioo au mita, ukipita bila kubadilisha, mteja halipi. Iliandikwa kwenye muhtasari.

Ningemaliza usiku ule kwa mstari mmoja. Nisingeujua uamuzi huo kamwe, wala wao wasingejua kwamba kuna uamuzi uliofanywa kwa niaba yao.

## Mpakani

Aina nzuri kwenye simu hazitoshi. Data inasafiri, na kila inapovuka mpaka inavuliwa nguo.

Nilipofungua hifadhidata nikakuta safu ya usomaji nimeitangaza `NOT NULL DEFAULT 0`, yaani isiwe tupu, ikikosekana iwe 0. Hata kama msimbo wa simu ungekuwa safi, seva ingepokea ukimya na kuuandika sifuri. Niliiweka hivyo kwa makusudi, miaka nyuma, kwa sababu nilikuwa naiogopa `NULL` ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata.

Nina sababu za kuiogopa. Ukiiuliza hifadhidata kama `NULL = NULL`, haisemi kweli wala si kweli; inasema haijulikani. Ilinikera siku zote mpaka niliposoma lile daftari. Mita mbili hazijasomwa: je, namba zake ni sawa? Sijui, na wewe hujui. SQL ilikuwa inasema kweli. Bado ina mitego yake. `COUNT(*)` inahesabu mistari yote, `COUNT` ya safu inaziruka tupu. `AVG`, inayopiga wastani, nayo inaziruka, kimyakimya. Na `NOT IN`, yaani "haimo katika", ikikutana na orodha yenye `NULL` moja tu ndani, haikurudishii mstari hata mmoja. Lakini mitego hiyo inajulikana, unaweza kuifundisha. Sifuri ya uongo haina mtego wa kuufundisha. Inajumlishwa na kugawanywa kama namba nyingine yoyote.

Sasa kuna safu mbili. Moja ni hali, imejaa kila mara: imesomwa, haijasomwa, haisomeki. Ya pili ni uniti, na inaruhusiwa kuwa tupu. Sharti la `CHECK` linazifunga pamoja: uniti zipo kama, na ikiwa tu, hali ni "imesomwa". Hata nikirudi usiku mmoja nimechoka, hifadhidata itanikatalia.

Mpaka mwingine ni maktaba za Java. Kotlin haijui kama thamani inayotoka huko inaweza kuwa tupu, kwa hiyo inakuachia uamue, na isipowekewa alama na mwandishi wake, kompaila haitakupigia mstari mwekundu wowote. Ndiyo maana pale napokea kila kitu kama `?`, hata kinachoonekana hakiwezi kukosekana.

## Sifuri 31

Kisha nikageukia data ya zamani, nikitumaini kwamba ni ya Bibi peke yake.

Zilikuwa 31, katika miezi kumi na sita.

Nilimpigia mama mhazini. Inakuwaje hatujawahi kupata bili kama ya Bibi kabla? Akajibu kwa utulivu kabisa: zilikuwepo. Alikuwa anazipitia zote kabla ya kutuma. Akiona namba ya ajabu anachukua kalamu, anapiga hesabu mwenyewe, anamwandikia mteja bili ya mkono.

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Mwanangu, nilijua ndivyo kompyuta zilivyo."

Mei ndipo nilipoufanya ujumbe ujitume wenyewe, nikijisifu kwamba nimempunguzia kazi. Nilichokiondoa ni mtu pekee aliyekuwa akisimama kati ya sifuri zangu na wateja.

Tulikaa naye siku nzima kuzipanga. Sita zilikuwa sifuri za kweli: mita mpya, zilifungwa siku ileile. Kumi na tano tulizikuta kwenye kaunta buku, kwa kuwa mzee na kijana waliendelea kuliandika sambamba miezi ya mwanzo. Tukazirudishia hali zake, haijasomwa, haisomeki. Moja ni ya Bibi.

Tisa hatukuzipata. Daftari lilikuwa limeshawekwa pembeni kwa sababu simu ipo. Kijana hakumbuki. Wenye nyumba hawakumbuki. Labda geti, labda ukungu, labda alizisahau. Zilipoandikwa sifuri, sababu yake ilifutika, na hakuna swali lolote la hifadhidata linaloweza kuirudisha.

Ndizo zilizoleta tawi la tano, `Haijulikani`. Mama mhazini alitaka tuziwekee "haijasomwa", zifanane na wenzake. Nilimwomba tusifanye hivyo. Hatujui kwamba hazikusomwa. Tunajua tu kwamba hatujui.

## Tarehe 20 Juni

Toleo jipya liliingia kwenye simu ya kijana siku nne kabla ya mzunguko wa Juni. Kitufe cha "Ruka" hakipo tena. Asipoandika namba anaulizwa kwa nini, na majibu yaliyopo ni yale ya mzee.

Tarehe 20 akalikuta geti la Bibi limefungwa tena. Akachagua "Haijasomwa". Jioni ile ujumbe ukaenda kwenye simu ya kitochi, na safari hii maneno nilikuwa nimeyasoma kwa sauti mara kadhaa kabla ya kuyaweka:

"Ndugu mteja, mita yako haijasomwa mwezi huu, hatukukukuta. Huna bili ya kulipa sasa. Ukirudi tupigie tuje tuisome."

Wiki nzima kimya. Nilikuwa nikiufungua ule mstari wa Juni kwenye jedwali kila asubuhi: hali, haijasomwa, uniti, hakuna kitu.

Tarehe 27 mama mhazini akanitumia ujumbe wa sauti. Bibi amepiga simu. Alikuwa Moshi kwa bintiye aliyejifungua, amerudi jana usiku. Anasema geti liko wazi, na kijana aje kabla ya saa nne maana baadaye anakwenda kukata majani ya ng'ombe.

Kijana alifika saa tatu. Mita inasoma 1,858.